Usimtumie tena Swaleh

Langoni, Lamu

Shoga yangu Khadija,

Assalaam aleikum. Hatujambo sote, mama anakusalimu, na ubuyu umefika, watoto wameumaliza siku hiyo hiyo. Nakuandikia kwa ajili ya ndugu yako Swaleh. Kwa simu nisingeweza, yeye mwenyewe yuko humu ndani.

Zile shilingi 4,000 ulizomtumia za dawa ya kifua, Khadija, hakuna kifua. Zimekwenda kwenye kile kindege cha simu, mchezo wa kamari. Usiku ule nilitoka kumfungulia paka nikamkuta barazani, simu magotini. Kindege kinapanda na nambari zinapanda nacho. Ukiwahi kubonyeza unalipwa, kikikuruka zimekwenda. Haifiki dakika. Kidole kinamtetemeka. Kikaruka, naye papo hapo akaweka nyingine, hata pumzi hakushusha.

Alianza na mikeka ya kubeti mpira, unakumbuka alipopata 12,000 akatulisha biriani? Tulimshangilia. Naijutia biriani ile.

Sasa anadaiwa mikopo ya simu, anadaiwa na Bi Rukia dukani, na nauli za abiria wa Mokowe kazila, mwenye boti kamsimamisha. Akikopa huku analipa kule, kinachobaki anakiweka tena arudishe kilichopotea. Aprili 2025 serikali ilipozuia matangazo ya kamari siku 30 nilidhani tutapumua. Matangazo yalinyamaza, mchezo ukabaki mfukoni mwake.

Lakini pesa si kitu. Hali chakula, halali usingizi, barazani Mkunguni haonekani. Alhamisi alimwambia Baba Amina, "Bora nisiwepo, madeni yaishe." Tangu siku hiyo hatumwachi peke yake, Baba Amina analala naye ukumbini, na Jumatatu tunampeleka hospitali akaonane na mshauri. Amekubali. Aliniomba nisikwambie, nami nimeshindwa kunyamaza, wewe ndiye dada yake.

Ukimpigia usimfokee, mwache aseme. Na tafadhali usimtumie tena hata senti, hata akisema analazwa. Ukitaka kusaidia nitumie mimi, nimlipe Bi Rukia mkononi.

Je, unaweza kufika kabla ya Jumatatu? Mama yenu anajua lolote, au tumfiche kwanza? Yule kijana wa Mwalimu Kombo aliyeacha kubeti, aliachaje, nani alimshika mkono? Na laini ya Swaleh, iliandikishwa kwa jina lake au lako?

Nakungoja,
Mwanaisha