Si kila jiwe la chokaa limetoka baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kuwa mawe ya chokaa ya Songwe ni ushahidi kwamba bahari iliwahi kufika Mbeya. Anasema alilidondoshea jiwe ndimu, likatoa povu, basi akaridhika. Nimefundisha kemia hadi kustaafu, na povu hilo limewapoteza wanafunzi wangu wengi tu. Ndimu inatambua chokaa. Haijui chokaa hiyo ilizaliwa wapi.

Hapa mezani ninayo mawe mawili. La kwanza nililiokota Kilwa nilikopangiwa kazi nikiwa kijana. Ni tumbawe lililogeuka mwamba. Upande mmoja vinyota vyake, yaani vishimo walimoishi vijidudu vilivyolijenga, bado unavihesabu kwa kidole; upande wa pili vimefutika, na ndani ya matundu zimeota chembe zinazometameta kama chumvi ya mawe.

Chembe hizo ndizo habari yenyewe. Tumbawe hai hujijengea kiunzi cha aragonaiti, madini ya kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Bahari ikishuka, mwamba ukabaki nchi kavu, mvua huanza kupenya. Maji ya mvua hubeba hewa ukaa, kwa hiyo yana uchachu kidogo: huyeyusha aragonaiti hapa, yakaitua pale ikiwa kalsaiti. Ni kalsiamu kaboneti ileile, ila atomu zimejipanga upya na kutulia zaidi. Kalsaiti huziba matundu na kuushika mchanga na makombe kama saruji. (Fundi mmoja nilipomweleza aliniuliza nani alikuwa anakoroga.) Yakipita maji yenye magnesiamu nyingi kwa muda mrefu, magnesiamu hushika nafasi ya sehemu ya kalsiamu, tukapata dolomaiti. Hiyo, ikiwa bado jiwe zima, ndimu karibu haiitikisi. Kwa hiyo hata jiwe la bahari laweza kukunyamazia.

Jiwe la pili ni la Songwe. Lina matabaka membamba kama chapati ya kusukuma, na alama za majani. Kombe hakuna, kinyota hakuna. Ni kazi ya chemchemi za maji moto: maji hupanda yakiwa na chokaa na hewa ukaa, yakifika juu hewa inatoroka kama soda iliyofunguliwa, chokaa inabaki chini.

Msomaji huyo akipita Mbalizi anikaribie, ayatazame yote mawili. Ndimu aje nazo, zangu zimeisha.

Mwalimu mstaafu,
Mbalizi, Mbeya