Jina nililobebeshwa

Mwanangu Wambui,

Jumapili uliponipigia ukauliza mbona sauti imenikauka. Nilikuwa natoka makaburi ya vita ya Ngong Road, na nisingeweza kulieleza jambo hili kwa simu nikiwa ndani ya matatu.

Unajua mimi nimeitwa kwa kaka wa baba yangu, guka yako. Wa kwanza wetu alichukua jina la baba yake guka, wa pili la upande wa mama, mimi wa tatu likaniangukia Gichuhi. Nisichowahi kukwambia ni kwamba jina lenyewe nililibeba kwa aibu. Nyumbani ilijulikana kuwa Gichuhi alikwenda Burma kupigana, akapata mwanamke huko India, akasahau njia ya kwao. Nikichelewa kurudi na mbuzi, shangazi zangu walikuwa na neno moja tu: "Huyo ni Gichuhi, mwacheni." Na mashamba yalipopimwa upya miaka ya 1950, fungu lake likagawanywa. Nani amwandikie mtoro ardhi?

Nilianza kumtafuta nilipostaafu. Ofisi moja walinirudisha mara nne, "karani yuko likizo," nikachoka nayo. Sasa naona kosa lilikuwa langu pia. Wazee wetu kila aliyevaa yunifomu ya Mwingereza walimwita Keya, kutokana na KAR, King's African Rifles, kikosi cha askari wa miguu, basi nami miezi yote natafuta KAR.

Kilichonifungua macho ni sanduku la bati la mama yake guka. Chini kabisa, chini ya shuka lililoliwa na nondo, kulikuwa na barua ya Januari 1944 kutoka Mombasa, Kiswahili cha kambini, bila shaka kimeandikwa na mwenzake aliyejua kalamu. Ni mzima. Njaa imepungua huko? (Aliondoka mwaka wa Mianga, ile njaa ya 1943, na sidhani alifuata kitu kingine jeshini zaidi ya chakula na mshahara.) Watapanda meli, hawaambiwi waendako. Pembeni, namba yake ya jeshi na herufi tatu: EAA, yaani East African Artillery. Kumbe hakuwa Keya hata kidogo. Alikuwa askari wa mizinga.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka majina yake kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kutafuta. Nikaandika Gichuhi, hayupo. Gicuhi, hayupo. Nikakaa nikamfikiria yule karani wa jeshi akiandika alichosikia, nikajaribu Kichui. Nikaweka barua kando ya skrini, nikalinganisha namba tarakimu moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu. Ni yeye. Tarehe ya kufa: 12 Februari 1944.

Meli iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari kuelekea Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, karibu 1,000 kati yao wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Karibu na Maldivi nyambizi ya Wajapani ikaipiga, na kwa muda wa dakika mbili hivi ikawa imezama. Walinusurika watu 214. Lingine nilisita kuliandika, lakini afadhali ulisome kwangu: nyambizi ilijificha chini ya walioelea, na manowari za Waingereza zikatupa mabomu yao papo hapo, watu wakiwa bado majini.

Kwa hiyo huyo mwanamke wa India hakuwahi kuwako. Burma yenyewe Gichuhi hakuiona. Alikaa baharini kama wiki moja. Na shangazi zangu wote wameshazikwa, sina hata wa kumrudishia maneno yake.

Jina lake liko kwenye mnara wa kumbukumbu ndani ya makaburi yale, pamoja na wenzake wasio na kaburi. Nimepita barabara ile tangu ujana nikienda mjini. Kichui. Nililigusa, halafu nikajishangaa nikitafuta kalamu ya kulisahihisha.

Guka nilimweleza jioni, polepole, kwenye sikio lake la kulia. Alinyamaza hadi chai ikafanya utando. Swali lake lilikuwa moja: "Meli ina ukubwa gani?" Nikamwambia watu 1,500. Akatazama nje, upande wa lile fungu la shamba, akasema kaka yake alikuwa akiogopa hata kuvuka mto masika.

Anataka kwenda Jumamosi. Njoo na gari lako, hawezi matatu tena. Koti ameshalitoa, ameniambia nilipige pasi.

Baba yako