Mawe ya Singida yasiishie yote kwenye kokoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze niliyoyaona mwezi uliopita nilipokwenda Singida kwa basi kutoka hapa Dodoma, safari ya takriban kilomita 240 ambayo kwa miaka mingi nimeifanya nikiwa nimelala. Safari hii nilipata kiti cha dirishani, nikatambua kwamba ukifika Bahi, kwenye majaruba ya mpunga, unakuwa ndani ya Bonde la Ufa, na kwamba mlima wa Saranda, ambao sisi abiria huulalamikia kwa sababu ya malori yanayoupanda kwa kusuasua, ndio ukingo wa bonde hilo. Shuleni nililichora bonde hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri, wala sikujua kwamba nalipita kila likizo.

Hata hivyo, kilichonifanya nishike kalamu ni mawe. Ukikaribia mji wa Singida yanaanza kujitokeza mashambani, mengine yamebebana matatu matatu, mengine makubwa kama nyumba yakiwa yameegemea kijiwe ambacho ungedhani mtoto angeweza kukisukuma. Hakuna aliyeyapanga. Ni graniti iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, maji yakapenya kwenye nyufa zake na kuzilainisha kona hadi zikawa udongo, kisha mvua zikauchukua udongo huo na kuyaacha mawe ya mviringo yamesimama wazi.

Kesho yake asubuhi nilitembea hadi Ziwa Singidani, ambalo maji yake ni ya chumvi na liko pembeni kabisa mwa mji. Heroe walikuwa wameinamisha vichwa wakichuja chakula majini, na nyuma yangu pimbi wanne walikuwa wakiota jua juu ya mwamba ambao mkuyu ulikuwa umeushukia kwa mizizi myembamba hadi ardhini. Nilikaa hapo karibu saa nzima.

Si mbali na hapo moshi ulikuwa ukipanda. Vijana walikuwa wamewasha magogo juu ya jiwe ili lipate moto na kupasuka, kisha walipasue kwa nyundo wapate kokoto. Siwalaumu, kwa kuwa ni riziki yao, na msingi wa nyumba yangu mwenyewe umejengwa kwa kokoto za namna hiyohiyo. Lakini jiwe likishapasuliwa halioti tena, na anayelichagua leo hulichagua kwa sababu liko karibu na barabara, yaani lilelile ambalo msafiri angeliona.

Wilayani Kondoa, michoro ya miambani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wageni huvuka bahari kuja kuitazama. Mawe ya Singida hayana michoro hiyo, lakini sioni kwa nini yasubiri kuchorwa ndipo yathaminiwe. Naziomba halmashauri zinazohusika ziwapimie wapasuaji maeneo yao maalumu mbali na ziwa na barabara kuu, ziyawekee alama mawe yasiyopaswa kuguswa, na pale Saranda zisimamishe kibao kimoja tu cha kumweleza abiria kwamba anatoka katika Bonde la Ufa.

Msomaji wako,
Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma