Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mitumbwi Yetu Inaumia Nchi Kavu

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Salamu kwenu nyote. Namshukuru Mungu kwamba tumefunga msimu mwingine bila mtu wetu kuzama wala kuvunjika. Safari zote nne za mitumbwi tulizopanga kule Boundary Waters, pori la maziwa la kaskazini mwa Minnesota, zimefanyika, kuanzia ile ya mwisho wa Mei, maji yakiwa bado yanauma kwa baridi, mpaka ile ya Septemba ambayo mvua ilitunyeshea siku tatu mfululizo na bado akina mama wakasonga ugali ukaiva. Vijana waliozaliwa hapa Minnesota, wazazi wao wakiwa wametoka Kigoma, Uvira, Bujumbura na Mombasa, sasa wanakaa tezini, yaani nyuma, na kuuongoza mtumbwi bila kuyumba. Hilo peke yake linanitosha kusema mwaka ulikuwa mzuri.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba mtazame mstari mmoja tu, ule wa matengenezo. Fungu hilo limemeza fedha nyingi kuliko vibali na mafuta ya magari kwa pamoja. Katika mitumbwi yetu mitano, mitatu imepita gerejini kwangu msimu huu, na hakuna hata mmoja ulioumizwa na maporomoko au wimbi. Yote imeumia ikiwa imegusa jiwe la ufukweni, au ikiwa juu ya gari, au mikononi mwetu. Mniwie radhi basi, taarifa yangu karibu yote itahusu hilo.

Nianze na ule mtumbwi wetu wa rangi ya asali. Mwezi wa Julai tuliingia Lake One, pale barabara ya Fernberg inapoishia ukitokea mji wa Ely, tukiwa watu tisa na mitumbwi mitatu. Kati ya Lake One na Lake Two kuna poteji mbili fupi. Kwa wanachama wapya: poteji ni njia ya nchi kavu ambapo unapakua mizigo, unajitwika mtumbwi mabegani kwa nira, ule ubao wa kukingama katikati yake, unauvusha mpaka ziwa linalofuata. Urefu wake hupimwa kwa rodi, na rodi moja ni kama mita tano. Kwa hiyo hapo hatukuwa na kazi ya kutisha. Upepo ulikuwa unatusukuma kwa nyuma, kila mtu anataka kufika, na mwenzetu aliyekaa omoni, yaani mbele, hakutaka viatu vyake vilowe. Akaupandisha mtumbwi juu ya jiwe kwa nguvu, akaruka. Omo ikabaki jiweni, tezi inaelea, mabegi mawili makubwa ya chakula yako katikati, na yule wa nyuma akaanza kutembea ndani ya mtumbwi kuja mbele. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilisikia mlio, nao haukuwa mkubwa, kama kijiti kikavu kinachovunjwa ndani ya kitambaa.

Tulipoupindua tulikuta mstari mweupe chini ya tumbo, karibu na nira, unazidi kiganja changu kwa urefu. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, unaingia ndani.

Mwenzetu mmoja aliniuliza kwa mshangao wa kweli: "Mwenyekiti, si Kevlar hii ndiyo inayotengenezewa nguo za kuzuia risasi?" Ndiyo, ndiyo hiyo hiyo. Iligunduliwa mwaka 1965 na mama mmoja mkemia, Stephanie Kwolek, katika maabara za DuPont, na uzi wake ukiuvuta unashinda chuma cha uzito ule ule. Lakini mtumbwi wa Kevlar ni kitambaa chembamba kilichogandishwa kwa gundi. Uzi haukatiki, gundi ndiyo inayopasuka. Wepesi wa mtumbwi huo, karibu kilo 19 wakati ule wa alumini unafika kilo 34, umepatikana kwa kupunguza unene, na wepesi huo ndio unaomwezesha binti wa miaka kumi na sita kuubeba peke yake. Mtumbwi ukiwa majini, maji yanaushika tumbo lote sawasawa, hata ukiwa umepakiwa. Ukiuegemeza ncha mbili, moja jiweni na nyingine majini, uzito wote unaangukia katikati ambako hakuna kinachoshika. Hapo hata ule wa alumini utapinda, na alumini iliyopinda hairudi ilivyokuwa.

Tulibandika tepu nene ya kijivu ndani na nje tukaendelea. Nyumbani nilifanya kazi ya jioni tatu. Unaosha, unakausha, unapiga msasa, na hapo ndipo Kevlar inapokuonyesha ukaidi wake, kwa sababu haichongeki ikawa laini, inatoa manyoya kama blanketi kuukuu. Unakata kitambaa cha faibaglasi, unazungusha pembe zake zisije zikabanduka, unapaka gundi ya epoksi, unasubiri usiku kucha, unarudia. Ukimaliza umeongeza uzito, na kiraka kinaonekana. Sikasiriki kuifanya kazi hiyo. Ninachoumia nacho ni kwamba mtumbwi uliopasuka kwa sababu ya viatu vikavu ungeweza kutumika miaka mingi bila alama ile.

Safari hiyo hiyo, usiku wa pili, tulipiga kambi Lake Three. Wanaopajua wanakumbuka jinsi ziwa lile lilivyo wazi, na jinsi msitu wa upande ule ulivyoungua kwenye moto mkubwa wa Pagami Creek mwaka 2011. Bado kuna magogo yamesimama makavu. Tulikula, tukaimba, tukalala. Mitumbwi miwili ilipinduliwa na kufungwa. Wa tatu uliachwa umekaa wima, nusu yake majini, kwa sababu kijana mmoja alisema atarudi kuvua samaki kidogo. Hakurudi, usingizi ulimchukua. Saa tisa usiku upepo ukageuka. Asubuhi tukahesabu mitumbwi miwili.

Tuliupata, Mungu ni mwema, umejipachika kwenye matete ng'ambo ya pili ya ghuba, una maji ndani na kafi moja haipo mpaka leo. Lakini fikirini pamoja nami. Sheria za pale haziruhusu kundi lizidi watu tisa na vyombo vinne. Sisi tulikuwa na vitatu kwa watu tisa. Ukipotea mmoja, watu watatu hawana pa kukaa. Eneo lile ni ekari zaidi ya milioni moja, maziwa yanapita elfu, hakuna barabara ndani, simu mara nyingi haishiki, na ukitoka nje ya njia ya poteji unakutana na kinamasi na miti iliyoanguka. Mtumbwi kule ndio barabara yako, ndio gari la wagonjwa, na ndio mlango wa kutokea. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miaka tisa pale kambini. Nilipomwona ameshika mkono wa mtoto wake, anatazama maji asubuhi ile, nilijua kwamba mwaka huu sitaandika taarifa ya kupongezana tu.

La tatu nitalipitisha haraka. Njiani kwenda Ely, ambako ni mwendo wa kama saa nne kutoka Minneapolis, mtumbwi wa alumini ulihama juu ya gari kwa sababu mikanda miwili ya katikati ilikazwa lakini hakukuwa na kamba ya omo wala ya tezi. Upepo wa lori uliinua omo. Tulisimama kwa wakati. Ukingo umepinda na ningekuwa na mengi ya kusema, ila wahusika wameshaniomba radhi na kamba nne mpya zimenunuliwa.

Sasa, kwa nini tunafanya hivi? Nimezungumza na wengi wenu mmoja mmoja, na sidhani kuna mwenye nia mbaya. Kuna haraka. Kuna baridi ya maji, ambayo kwa mtu aliyekulia Mombasa ni adhabu, nakubali. Lakini kubwa zaidi ni kwamba mtumbwi wa chama tunauona ni wa wote, na cha wote kwetu mara nyingi hakina mwenyewe. Yule anayesafisha gari lake kila Jumamosi kwa kitambaa laini ndiye huyo huyo nimemwona akiuburuta mtumbwi juu ya changarawe, umejaa mizigo, huku anazungumza na mwenzake. Mimi pia nimefanya hayo. Msimu wetu wa kwanza niliukalia mtumbwi uliopinduliwa kana kwamba ni benchi la kambi, mpaka mwenye kuukodisha alipouona siku ya kurudisha. Hakunipigia kelele. Alipitisha kiganja pale palipobonyea, taratibu, akaniandikia bei. Niliona aibu kuliko kama angenitukana.

Na hatukutoka mahali ambapo watu hawajui kuheshimu chombo. Mzee wetu mmoja aliyekulia Ujiji alitufundisha mwezi wa Agosti bila kusema neno. Alipofika mahali pa kutua aliacha kupiga kafi mapema, akaushusha mguu majini mpaka magotini, akaushika mtumbwi ukingoni, ukasimama unaelea bila kugusa jiwe. Akatoa begi, akatoa begi la pili, kisha akaninyooshea mkono nishike upande wangu. Tukauinua mtupu, wawili, tukaulaza kwenye majani. Baadaye alinieleza kwamba kwao watoto walichapwa kwa kuuburuta mtumbwi wenye samaki ndani, na kwamba ukitaka kuuvuta juu unatandika magogo na unaita watu.

Wenyeji wa maziwa haya walifanya vivyo hivyo, tena kwa sababu kubwa zaidi. Mtumbwi wa Waojibwe ni gome la mti wa betula lililoshonwa kwa mizizi ya msonobari na kuzibwa kwa utomvu uliochemshwa, bila msumari hata mmoja. Waliokulia Lamu mtakumbuka wazee wakisimulia juu ya mtepe, jahazi la kale, nao ulishonwa kwa kamba za kumbi la nazi. Wapagazi wa biashara ya ngozi za manyoya, wale waliokuwa wakifika kituo cha Grand Portage kila kiangazi karne ya 18, walitumia mitumbwi hiyo ya gome, mikubwa yake ikifika mita 11, yenye shehena ya tani kadhaa. Hawakuipandisha jiweni. Waliruka majini, wakapakua chombo kikiwa kinaelea, wakakibeba. Jioni walikipindua, wakakagua mishono na kupaka utomvu palipovuja. Ni kukalafati kwenyewe huko. Mtu aliyebeba mafurushi mawili ya kilo 40 mgongoni siku nzima hakuona ni kazi kuingia maji ya kiuno ili gome lisiguse jiwe. Siku hizi ukitazama miamba ya mahali pa kutua utaona michirizi ya rangi ya fedha, mingi, imepishana. Kila mmoja ni alumini ya mtu iliyobaki pale.

Kamati imekubaliana mambo yafuatayo na tunaomba muyapitishe leo. Kila safari itakuwa na nahodha wa mitumbwi, asiye kiongozi wa safari, ambaye neno lake ufukweni ni la mwisho, hata kwangu. Kutua na kuondoka ni kwa miguu majini, na hakuna mtu atakayekaa wala mzigo utakaopakiwa mtumbwi ukiwa umegusa chini. Kunyanyua ni watu wawili, isipokuwa aliyefundishwa kujitwika peke yake. Usiku mitumbwi yote inapandishwa mbali na maji, inapinduliwa, na omo inafungwa kwenye mti mzima. Si gogo lililoungua, na si chini ya gogo lililoungua. Kabla ya kuondoka ziwani tunamwaga maji yote na kutoa majani, kwa sababu sheria ya Minnesota inataka hivyo ili tusihamishe viumbe vamizi kutoka ziwa moja hadi jingine, kisha tunakausha; tena uchafu unaobaki ndani unasaga chombo.

Faini nimeikataa, ingawa wajumbe wawili waliipendekeza. Faini itawafundisha watu kuficha. Mwaka huu tayari nimekuta ufa ambao mtu aliufunika kwa begi wakati wa kurudisha, na aliyefuata aliugundua akiwa katikati ya ziwa, maji yanamfika kwenye vifundo. Badala yake, atakayevunja atasema siku hiyo hiyo, na atakuja gerejini kwangu Jumamosi moja tukarabati pamoja. Msasa ninao, chai pia.

Vibali vya msimu ujao vinaanza kuwekewa nafasi mwishoni mwa Januari, na viingilio vinavyopendwa huisha haraka, kwa hiyo leteni majina mapema. Mtumbwi wa rangi ya asali umepona na utakuwa majini. Siku ya mafunzo itakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya barafu kuondoka ziwa la Bde Maka Ska, hapa Minneapolis, saa nne asubuhi, na mzee wetu wa Ujiji amekubali kusimamia. Njooni na viatu ambavyo hamtajali vikilowa.

Wenu katika kutumika,
Mwenyekiti