Jumamosi tunamkumbuka Lomu

Asalaam aleykum wanangu. Jumamosi saa kumi jioni tukutane ufukweni Raskazone, Tanga. Kabla ya mazoezi nitawaonyesha kwenye simu trai za Jonah Lomu, mchezaji wa raga. Trai ni bao la raga: unaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani.

Huyu alivaa jezi ya Nyuzilandi mwaka 1994, ana miaka 19. Mwaka 1995 kule Cape Town, nusu fainali ya Kombe la Dunia, aliwafunga Uingereza trai 4. Ile ya kwanza nimeitazama mara nyingi mno: Mike Catt wa Uingereza anajipanga kumzuia, Lomu hakwepi, anapita juu yake kama anavuka kizingiti cha mlango.

Mwaka uleule akagundulika ana maradhi ya figo. Akacheza nayo! Kombe la 1999 akaongeza trai 8, jumla 15. Bryan Habana wa Afrika Kusini alizifikia, hakuzipita. Mwaka 2004 mtangazaji wa redio, Grant Kereama, alimtolea figo moja, na mwaka uliofuata akarudi uwanjani. Alifariki Novemba 2015, miaka 40 tu. Inaniuma mpaka leo.

Anayeamka uso umevimba, au mkojo wake una povu lisiloisha, huenda ni figo: aniambie pembeni, nitampeleka mwenyewe kupima.

Mwenye pampu ya mpira aje nayo.