Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujatia Sahihi

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako, pamoja na zile kurasa nne za mkataba ulizozipiga picha kwa simu. Umeniuliza iwapo malipo wanayokupa kwa hadithi yako ya picha, ile ya msichana wa Ukerewe, yanatosha. Kwa kazi ya kurasa 48 naona si malipo mabaya, na kodi ya chumba chako huko Dar es Salaam itapatikana. Kilichoninyima usingizi ni kifungu cha saba, kinachosema kwamba wahusika, jina la hadithi na michoro yenyewe uliyoichora kwa mkono vitakuwa mali ya mchapishaji daima, na kwamba jina lako litatajwa “pale itakapowezekana”.

Tangu ulipoanza kazi hii nimesoma sana habari za walioitangulia, na wawili hawanitoki akilini. Huko Cleveland, Marekani, Jerry Siegel alitunga hadithi, na rafiki yake wa shule, Joe Shuster, akazichora. Shuster alitoka katika familia yenye shida, akawa anachora upande wa nyuma wa karatasi za kupambia kuta. Niliposoma hilo nilimpenda papo hapo, kwa kuwa nawe ulianza nyuma ya kalenda zilizopitwa na mwaka, umelala kifudifudi kwenye sakafu ya nyumba hii. Mwaka 1938, baada ya kuzungushwa na wachapishaji kwa miaka kadhaa, waliuza hadithi yao ya kwanza ya Superman, kurasa 13 kwa dola 10 kila ukurasa, na kwa hizo dola 130 wakatia sahihi kwamba haki zote za mhusika huyo si zao tena. Hakuna aliyewashika mkono kwa nguvu. Walikuwa na umri wa miaka 23, na walifurahi kama unavyofurahi wewe leo.

Walipokwenda mahakamani mwaka 1947 hawakufanikiwa kumrudisha mhusika wao, kazi ikakatika, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi walizozianzisha wao wenyewe. Macho ya Shuster yalififia hadi akashindwa kuchora. Ilikuwa mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa, na wachoraji wenzao, akiwamo Neal Adams na Jerry Robinson, wakiwa wamewapigania hadharani, ndipo kampuni iliyommiliki Superman ilipokubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Ilikuwa imepita miaka 37.

Mtunzi mwingine, Bill Finger, hakuishi kuyaona hata hayo. Yeye ndiye aliyemshauri mchoraji Bob Kane amvike Batman joho na kinyago kinachofunika kichwa na ampe rangi za kiza, kisha akaandika hadithi nyingi za mhusika huyo, lakini mkataba ulikuwa wa Kane peke yake na jina likawa la Kane peke yake. Finger alifariki mwaka 1974 bila mali, na jina lake likaanza kutajwa rasmi mwaka 2015. Naye Jack Kirby, ambaye mkono wake ulichora Captain America na baadaye Fantastic Four, aliingia uzeeni akiwa bado anaidai kampuni ya Marvel, iliyochapa kazi zake, karatasi zake alizozichora. Wachoraji wengine waliletewa fomu fupi ya kutia sahihi ili warudishiwe kazi zao, yeye akaletewa fomu ndefu yenye masharti ya peke yake. Alipozipata, mwaka 1987, zilikuwa sehemu ndogo tu ya maelfu ya kurasa alizowahi kuchora.

Pengine utasema hayo ni ya Marekani na ya zamani. Basi nikueleze jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Ulipokuwa na miaka miwili, kabla sijaanza kuandika majina ya mitumbwi pale Mwaloni, taasisi moja iliniagiza picha kumi na mbili za kufundisha watu kujikinga na kipindupindu. Nilizichora usiku kwa taa ya chemli, nikazikabidhi zote zikiwa kwenye bahasha ya kaki, nikalipwa mara moja na kutia sahihi karatasi ambayo sikuisoma. Miaka minne baadaye, nikiwa kwenye meli ya Ukerewe, niliona bango limebandikwa ukutani karibu na mlango: mwanamke anachota maji yaliyochemshwa kutoka kwenye mtungi, amejifunga kanga yenye mabata pindoni. Nilikuwa nimemchora mama yako, na kanga ile ilikuwa yake. Chini ya picha palikuwa na jina la mtu nisiyemjua. Nilisimama pale mpaka tukafika Nansio, na sikuwa na hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha mtu yeyote kwamba mkono ule ulikuwa wangu.

Wapo waliofanya vingine. Mchoraji Will Eisner, alipoanza hadithi yake ya picha The Spirit mwaka 1940, aling'ang'ania katika mapatano yake kwamba mhusika ni mali yake, na wakati huo jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Ndiyo maana miaka mingi baadaye aliweza kuruhusu hadithi zile zichapwe upya naye akafaidika. Karibu na nyumbani yuko Gado, kijana wa Dar es Salaam aliyeacha masomo ya usanifu majengo na kwenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea magazeti ya Nation, na kwa sahihi ile ya herufi nne Afrika Mashariki yote inamjua ni nani.

Kwa hiyo naomba urudi kwa mchapishaji, kwa adabu, umweleze kwamba unampa ruhusa ya kuchapa kitabu hiki kwa Kiswahili kwa miaka mitano, na kwamba wahusika wanabaki wako. Jina lako likae kwenye jalada, na neno “itakapowezekana” lifutwe. Mpe nakala zilizoskaniwa, karatasi zenyewe ubaki nazo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko upande wako, nawe ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, namna ya kusajili kazi kabla ya kukutana nao tena. Wakikataa, nipigie simu kabla hujajibu lolote. Kodi ya miezi miwili naweza kukusaidia.

Kesho nakutumia kwa basi sanduku la plaiwudi nililokutengenezea, pana na jembamba, linaloingiza karatasi zako bila kukunjwa. Nimelipaka vanishi ndani na nje ili unyevu wa huko pwani usipenye. Mama yako ameweka humo dagaa wa kukaanga, amewafunga plastiki mbili. Watoe kwanza, upanguse ndani kwa kitambaa kikavu, ndipo upange kurasa zako.

Wako akupendaye,
Baba