Salamu za Krismasi na Mganda wa Ndege

Ndugu zangu, jamaa na marafiki, nawasalimu kutoka Wisconsin, Marekani. Huku theluji imefika vizingitini.

Kadi ya kwanza kunifikia mwaka huu ni ya bibi jirani yangu, mjukuu wa wahamiaji kutoka Norwei. Imeandikwa God Jul, ndiyo Krismasi njema yao. Katika picha yake, uani umesimikwa mti mrefu, kileleni umefungwa mganda wa nafaka, na ndege wameuzingira. Nilipomuuliza, bibi alinieleza kwamba vijijini kwao, Krismasi ikiingia, ndege hutengewa mganda usiopurwa, nao wale sikukuu. Kando yupo nisse, kizee wa kofia nyekundu anayelinda mifugo na ghala. Yeye huwekewa uji mzito bandani, na donge la siagi juu. Siagi isisahaulike!

Macho yangu lakini yaliganda kwenye pambizo ya kadi. Ni maua ya rosemaling, mapambo yaliyoshamiri tangu karne ya 18 mashambani Telemark na Hallingdal, huko Norwei, yakipakwa kwenye makasha, mabakuli na kuta. Kila jani huanza jembamba, likanenepa, kisha likajikunja kama herufi C, na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ukalifuata mgongoni.

Tarehe 4 Julai 1825 merikebu ndogo ya wahamiaji, Restauration, iling'oa nanga Stavanger, Norwei, na watu 52. Ilitia nanga New York baada ya wiki 14, wakiwa 53, maana mtoto alizaliwa baharini. Malaki wakafuata, wengine na makasha yao ya maua. Huku ugenini sanaa hiyo ilikuwa inafifia, hadi Per Lysne, mzaliwa wa Lærdal aliyekuwa akipaka rangi magari ya farasi mjini Stoughton, hapa Wisconsin, alipopungukiwa kazi miaka ya 1930 akageukia sahani na samani. Maua yakachanua tena.

Nawaelewa sana waliobeba makasha yale. Nilipoondoka Tanga, mama alinitilia sandukuni doti moja ya kanga. Kila Krismasi naitoa, naikunjua, nainusa, nairudisha.

Basi popote mlipo, Heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye afya na riziki. Wazee wetu nawashikia miguu. Watoto nawabusu wote.

Mganda sina. Nimemwaga kibaba cha mtama barazani, na asubuhi hii wameshatua ndege wanne.